Kumpigia Kaka kwa Modemu Isiyokuwepo

Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu zilinibana, na mwandishi wa programu akibanwa na kazi za watu, zake mwenyewe hulala. Lakini Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo nimekuwa nikijiahidi kwa miaka mingi, na siwezi kulinyamazia. Nilicheza Doom na kaka yangu kwa modemu. Si Doom hizi mpya, la hasha. Ni ile ya kwanza, ya DOS, iliyotolewa na id Software tarehe 10 Desemba 1993. Mimi nilikuwa Nairobi, yeye alikuwa Minnesota, kule Marekani. Na modemu yenyewe haipo. Haipo kwangu, haipo kwake. Ni programu tu iliyojifanya modemu.

Mtaniuliza, kwa nini mtu mzima aliye na intaneti ya nyuzi za kioo ajitaabishe na modemu ya kuigiza? Jibu lina pande mbili. Upande mmoja ni wa ufundi, na huo ndio mliozoea kuusoma kwangu. Upande wa pili ni deni. Vumilieni, nitaufikia.

Nyaya tatu, kisha simu

Mwaka wa 1996 baba alileta nyumbani tarakilishi ya 486 iliyokwisha tumika ofisini. Baba alikuwa akishika vitabu vya hesabu vya maduka kadhaa, na ndani ya tarakilishi hiyo kulikuwa na kadi ya modemu ya kutumia faksi. Shangazi yetu naye alikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa pale Ngara, yenye tarakilishi na laini ya simu. Kaka alipoanza chuo alihamia kwa shangazi ili awe karibu na masomo.

Doom ilitufikia kwa disketi, kama ilivyowafikia watu wengi duniani. Sehemu ya kwanza ya gemu hiyo iligawiwa bure, na ukiipenda ndipo unazinunua zilizobaki. Sisi tulibaki na hiyo ya kwanza, viwango vyake tisa, tukavijua kama njia ya kwenda dukani.

Siku moja kaka alibeba tarakilishi ya shangazi kwa teksi hadi kwetu, akalehemu nyaya tatu kati ya vichwa viwili vya tundu la siriali. Waya wa kutuma wa mashine moja uliingia kwenye tundu la kupokea la mashine ya pili, na wa pili vivyo hivyo, kisha mmoja wa ardhi. Ninachosema kiingie sikioni mwako, unachosema kiingie langu. Hiyo ndiyo siri yote. Tukaingia ndani ya Doom pamoja, bega kwa bega dhidi ya mazimwi, na nilipomwona mtu mwingine akitembea ndani ya kiwambo changu, mtu ambaye alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu, nilijua kazi nitakayoifanya maishani.

Lakini teksi kila Jumamosi haiwezekani. Kaka akasema, kama mashine zinaweza kuongea kwa nyaya tatu, zinaweza kuongea kwa simu. Akanifundisha amri za modemu, zile zilizoanza na Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka wa 1981 na zikaigwa na karibu kila modemu iliyofuata. AT ni kuiita modemu isikilize. D ni kupiga simu. T ni kupiga kwa milio ya vibonye, na kama mtambo wenu wa simu ni wa zamani unaandika P. Kwa hiyo ATDT na namba ya shangazi. Upande wa pili modemu inaandika RING, inajibiwa kwa ATA, kisha yale makelele mnayoyakumbuka, na mwisho neno tamu kuliko yote: CONNECT.

Baba aliruhusu nusu saa kila Jumamosi usiku. Simu ya ndani ya jiji haikuwa ghali sana, na alipenda kuona vijana wake wanasikizana.

Bili

Hapa ndipo penye deni. Mwenzangu wa dawati shuleni alikuwa amehamia Nakuru, na babake alikuwa na tarakilishi yenye modemu. Nilijua amri. Nilijua namba yake. Na baba alikuwa analala mapema. Nilifunika tarakilishi kwa blanketi ili kelele za modemu zisisikike, nikampigia. Simu ya Nairobi kwenda Nakuru haikuwa simu ya ndani ya jiji. Tulicheza usiku wa Jumanne, usiku wa Jumatano, usiku wa Alhamisi, kwa majuma matano.

Bili ilipofika, baba aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaiketia na kuisoma tena. Aliyetuletea habari za modemu alikuwa kaka, kwa hiyo aliyeitwa ni kaka. Baba alimwuliza mara moja tu kama ni yeye. Kaka alinitazama, akatazama bili, akasema ni yeye. Likizo nzima ya Aprili 1997 alipiga chapa barua za watu kwa shangazi ili kulipa, na safari ya timu yao ya mpira wa kikapu kwenda Kisumu ilimpita. Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la nane. Tarakilishi ilibaki mezani, nami nikabaki nayo. Sikusema kitu.

Jamii ina kumbukumbu ndefu. Kaka akawa "yule wa bili ya simu". Ilikuwa mzaha wa Krismasi. Lakini mwaka wa 2019 baba alipofariki na tukakaa ushago kuzungumzia shamba, baba mdogo alisema mbele ya watu wote kwamba pesa za shamba haziwezi kupitia mikononi mwa mtu ambaye tangu ujana hakujua kuchunga hata simu ya babake. Watu wakacheka kidogo. Kaka alikuwa amesafiri siku mbili angani kuja kumzika baba. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha tatu kutoka kwake, na kwa mara ya pili sikusema kitu.

Tangu hapo mimi na kaka tulikuwa watu wa "habari" na "salama". Alama mbili za buluu, ujumbe wa sauti unaosikilizwa kesho yake, kidole gumba juu.

Upana si kasi

Sasa turudi kwenye ufundi, maana bila huo hamtaelewa kilichotokea Jumamosi.

Watu wengi hudhani gemu mbili zikiunganishwa hutumiana picha. Hapana. Doom haitumi picha, wala haitumi mahali walipo mazimwi. Kila tarakilishi ina ulimwengu wake kamili, na zote mbili huuendesha kwa kanuni zile zile. Hata bahati ni moja: namba za bahati nasibu za Doom hutoka kwenye jedwali la namba 256 lililoandikwa ndani ya programu, kwa hiyo mashine zote mbili huchota bahati ile ile kwa mpangilio ule ule. Kinachopita kwenye waya ni amri za mchezaji tu. Amesonga mbele kiasi gani, amegeuka kiasi gani, amefyatua au hakufyatua.

Doom hupiga hatua 35 kwa sekunde. Amri ya mchezaji mmoja kwa hatua moja ni baiti 8. Ongeza baiti 8 za kichwa cha pakiti na 2 za kuifunga, unapata 18. Zidisha kwa 35, ni 630 kwa sekunde. Kwenye tundu la siriali kila baiti husafiri na biti ya kuanza na biti ya kumaliza, yaani biti 10, basi ni biti 6,300 kwa sekunde. Modemu ya biti 9,600 inakubeba na chenji inabaki. Leo picha moja ya harusi kwenye simu yako ni kubwa kuliko saa nzima ya Doom.

Na kuna sheria moja. Hakuna mashine inayopiga hatua kabla amri za wote wawili kwa hatua hiyo hazijafika. Ukikwama wewe, nakwama mimi. Mashine yenye nguvu haiwezi kumtangulia mwenzake hata kwa hatua moja. Ndani ya baiti zile 8 kuna hata 2 za kukagua kama ulimwengu wako na wangu bado ni mmoja, na zikitofautiana gemu inakufa papo hapo badala ya kuendelea na uongo.

Hebu fikirini sheria hiyo kwenye laini ya simu. Laini ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yetu wawili peke yetu. Baiti ikitoka hapa inafika kule baada ya muda ule ule, leo na kesho. Intaneti ni barabara pana, lakini ni ya watu wote. Pakiti moja inafika mara moja, ya pili inakwama nyuma ya lori.

Sisi tulilijua hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2001, kabla kaka hajasafiri, tulijaribu kucheza kupitia intaneti, mimi kwetu na yeye Ngara, kila mmoja na mtoaji huduma wake. Kituo cha KIXP cha kubadilishana data kati ya watoaji huduma humu nchini kilikuwa kimefungwa Desemba 2000, muda mfupi tu baada ya kuanzishwa, na kilirudi kazini Februari 2002. Katikati hapo, pakiti ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa mwingine ilipanda kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Setilaiti zile hukaa karibu kilomita 36,000 juu. Panda shuka mara mbili ni kilomita 144,000, na hata mwanga wenyewe unachukua karibu nusu sekunde. Kwenda na kurudi ni karibu sekunde nzima. Modemu kwa simu ya moja kwa moja, teknolojia ya zamani, iliishinda intaneti kwa mbali sana.

Mambo yalibadilika nyaya za baharini zilipofika Mombasa. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS mwaka huo huo, na EASSy 2010. Leo nikipima kutoka kwangu hadi nyumbani kwa kaka, kwenda na kurudi huchukua kama milisekunde 270. Chini ya hapo sana hatuwezi kwenda. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi Minnesota ni kama kilomita 13,000 ukienda kama ndege. Hata kwa waya ulionyooka kama rula, milisekunde 130 za kwenda na kurudi ni za Mungu, hazipunguzwi na fundi yeyote.

Gemu za baadaye zililitatua hili kwa kubahatisha. QuakeWorld, iliyotolewa na id Software Desemba 1996, ilifanya tarakilishi yako isingoje. Unabonya, inakusogeza papo hapo, kisha seva ikisema hapana, hukuwa pale, inakurekebisha kimyakimya. Karibu gemu zote za kufyatuliana risasi leo hufuata njia hiyo, na ni njia nzuri. Lakini kila mtu anaona ukweli wake kwa muda mdogo, na kungoja kunafichwa. Doom ya modemu haifichi.

Jinsi ya kuifanya

Kwa wanaotaka kujaribu, chukueni DOSBox. Ni programu ya bure inayojifanya tarakilishi ya DOS, nami nilitumia toleo la 0.74. Ndani ya faili lake la mipangilio, sehemu ya serial, andika:

serial1=modem listenport:5000

Sasa DOS inaamini kuna modemu kwenye COM1, kumbe ni mlango wa 5000 wa mtandao. Washeni SETUP ya Doom, mchague modemu, COM1, na mwendo wa 9600 au zaidi. Mmoja achague kungoja simu, mwingine achague kupiga. Wote wawili muwe na toleo moja la Doom, la sivyo mtagombana mlangoni.

Namba ya simu ni anwani ya IP ya mwenzako. Gemu nyingi za zamani zinakataa nukta kwenye namba ya simu, na hapa waandishi wa DOSBox walifanya jambo la kiungwana. Ukiandika tarakimu 12 mfululizo, programu inaziwekea nukta yenyewe, na tarakimu zinazozidi inazihesabu kuwa namba ya mlango. Kwa mfano 203.0.113.120 mlango wa 5000 unaandikwa hivi:

2030001131205000

Nilipoiona niliipigia saluti. Ni namba ya simu kabisa, hata baba angeiandika kwenye kitabu chake cha simu.

Tatizo la kwanza mtakalokutana nalo ni hili. Kampuni nyingi za simu za mkononi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama simu za ofisi za zamani zilizopitia kwa opereta, unaweza kupiga nje lakini aliye nje hawezi kukupigia moja kwa moja. Kwa hiyo yule mwenye anwani yake mwenyewe ndiye angoje simu, na afungue mlango huo kwenye ruta yake. Mkimaliza kucheza, mlango ufungwe. Mlango uliosahaulika wazi haumngoji ndugu peke yake.

Tatizo la pili ni kwamba modemu hii ya kuigiza husafiri kwa TCP. Kanuni ya TCP ni foleni. Pakiti ya nne ikipotea, ya tano na ya sita zitakaa mlangoni hadi ya nne itumwe upya. Doom ina utaratibu wake wa kuomba hatua iliyopotea irudiwe, kwa sababu laini za simu zilikuwa na kelele, lakini hapa haupati nafasi ya kuutumia. Matokeo yake, gemu inaenda vizuri, kisha inaganda kabisa kwa sekunde mbili au tatu, kisha inaendelea. Zipo njia rahisi zaidi. Programu ya Doom ilitolewa wazi Desemba 1997, na mafundi wameiandikia mtandao bora kuliko huu. Mimi sikuzitaka. Nilitaka kumpigia kaka simu.

Jumamosi

Nilimwandikia tu, "Kaka, unakumbuka ATDT?" Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akatuma picha ya kiwambo chake. DOSBox ilikuwa imewaka, imepangwa, inangoja.

Ilikuwa saa mbili usiku kwangu, saa tano asubuhi kwake, theluji dirishani. Nikaingiza tarakimu zangu kumi na sita. Hapakuwa na makelele ya modemu, na nakiri yalinikosa. Nusu dakika ya kimya, kisha CONNECT, kisha tukawa ndani.

Kwa milisekunde zile, amri yangu ilichelewa karibu hatua 5. Unabonya, unangoja kidogo, unageuka. Mwanzoni tulijigonga kwenye kuta kama walevi, na mara moja nilimpiga risasi mgongoni, kwa maana Doom haijali kama mko upande mmoja. Baada ya dakika kumi vidole vilizoea. Tulijigawa kama zamani bila kuambiana, yeye mlango wa kushoto, mimi wa kulia.

Sasa niwaambie kuhusu baiti moja. Katika zile baiti 8 za amri, moja imewekwa kwa ajili ya mazungumzo. Ukibonya T unaweza kuandika ujumbe, na herufi zake husafiri moja moja, herufi moja kwa kila hatua. Usipoandika, baiti hiyo husafiri tupu. Mara 35 kwa sekunde mashine yako inamwambia mwenzako, sina la kusema, sina la kusema, sina la kusema. Na ukiwa unaandika ni vigumu kusogea, maana kibodi ni moja. Bora usimame.

Tulikuwa kiwango cha tatu. Nikasimama. Doom huonyesha herufi kubwa tu, kwa hiyo ilionekana kama nampigia kelele:

BILI ILE YA SIMU NI MIMI NILIYEIPANDISHA

Nikabonya Enter, na kiwambo kikaganda.

Mtu anayejua TCP anajua kinachotokea pale. Pakiti imepotea mahali, itatumwa upya, subiri. Nilijua hayo yote na bado mikono ilitoa jasho. Sikujua kama maneno yametoka au yako kwenye foleni. Kwenye WhatsApp ningeweza kuufuta ujumbe. Hapa, ulimwengu wake na wangu ulikuwa umesimama mahali pamoja, na hakuna kati yetu aliyeweza kuendelea bila mwenzake. Nilihesabu hadi tisa.

Gemu ikazinduka. Zikapita sekunde chache akiwa amesimama tu, nami nikajua anaandika.

NAJUA. GEUKA NYUMA

Nyuma yangu kulikuwa na zimwi. Hatua tano za kuchelewa zilitosha kuniua.

Tulipomaliza kiwango alinipigia simu ya kweli. Nilimwuliza alijuaje. "Mdogo wangu," akasema, "ulianza kunishinda. Hakuna mtu anayejifunza milango yote ya siri kwa nusu saa ya Jumamosi." Alijua tangu majuma mawili kabla ya bili kufika. Alisema ni yeye kwa sababu baba angeifungia tarakilishi kabatini hadi mtihani wangu uishe, na alijua ningekuwaje bila hiyo tarakilishi.

Nilidhani hapo ndipo tungecheka. Akanyamaza, kisha akauliza, "Lakini 2019 hukuwa mtoto. Mbona ulinyamaza?"

Sikuwa na jibu zuri, na sikulitunga. Nilimwambia niliogopa, na kwamba nilimwona alivyoinamisha kichwa. Akasema Kisumu alishaisahau zamani. Kile kicheko cha siku ya shamba ndicho alichorudi nacho Minnesota. Tuliongea saa moja na zaidi. Habari za shamba bado hatujakubaliana, msije mkadhani Doom inapatanisha kila kitu. Lakini tumegombana kama ndugu, kwa sauti, kwa wakati mmoja.

Usiku huo huo niliandika kwenye kundi la familia habari nzima ya bili, Nakuru, blanketi na yote. Binamu mmoja amecheka. Shangazi, ambaye sasa ni mzee, ametuma ujumbe wa sauti akisema yeye alishuku siku zote. Baba mdogo amesoma. Alama mbili za buluu ziko pale tangu Jumapili, na hajasema neno. Kesho nitampigia simu.

Jumamosi ijayo tunarudi kwenye kiwango cha nne. Nikipata njia ya kupunguza kule kuganda nitawaeleza hapa. Na kama una ndugu, rafiki au adui wa zamani mliyewahi kupigiana modemu, DOSBox ni ya bure, na tarakimu 16 si nyingi.